Taa zinazowaka saa saba mchana

Wiki mbili nzima bodaboda wa Barabara ya Mandela wamekuwa wananifumbia na kunifumbulia kiganja. "Dada, taa!" Najua. Swichi iko kwenye AUTO, taa zijiwashe zenyewe giza likiingia, jua liko utosini, na taa za mbele zinawaka kama nimeianza safari ya Morogoro usiku.

Nikiweka OFF zinazima. Nikiwasha kwa mkono zinawaka. Hapo maswali mengi yalishajijibu yenyewe: balbu ni nzima, fyuzi ni nzima, rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye taa, inafungua na kufunga vizuri. Umeme wa taa hauna tatizo. Tatizo ni amri, kuna kitu kinaliambia gari kwamba nje ni giza.

Jumamosi asubuhi nikampelekea fundi umeme. Kijana mwepesi wa mikono, kazi yake naipenda. Akachungulia chini ya usukani dakika kama tano, akasema, "Dada, hizi otomatiki zinasumbua. Tukate huu waya, nikufungie swichi hapa pembeni, unawasha mwenyewe unazima mwenyewe. Nusu saa tu." Koleo lilikuwa tayari mkononi.

"Hapana fundi, usikate kwanza."

Sina ugomvi naye. Sisi wateja tunalipia taa inayowaka, hatulipii saa mbili za kutafuta, na yeye ana foleni ya magari inayomsubiri. Lakini inaniuma. Gari linashuka bandarini na nyaya zake zimepangwa vizuri, kila moja na rangi yake. Baada ya miaka mitatu chini ya dashibodi kuna mafundo ya selotepu nyeusi na swichi ambazo hata mwenye gari hajui ni za nini. Kila palipokatwa panakaribisha kutu, na fundi wa baadaye anakuta gari halifanani tena na ramani yake ya umeme.

Nikarudi nyumbani, nikaegesha chini ya mwarobaini kama kawaida, nikatoa mita ya kupimia umeme.

Sensa ya mwanga iko juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, kifuniko cheusi kidogo kama kifungo cha koti. Nilianza kwa kukunja kitambaa cha dashibodi, maana watu wengi wanaifunika bila kujua. Yangu haikuwa imefunikwa. Nikaimulika na tochi ya simu kwa karibu kabisa. Taa hazikuzima.

Ina nyaya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kontroli boksi, ile inayoamua taa ziwake au zizime, wa pili unarudisha taarifa, wa tatu ni ethi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kwenye gari hili, mwanga ukiwa mwingi volti ya taarifa inashuka, giza likiingia inapanda. Nikapima nikiwa nimeweka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri. Zile 5 zilikuwepo. Taarifa ilisoma volti 4.0, na jua linawaka vile! Nikaifunika sensa kwa kiganja, ikapanda hadi 4.7 tu. Nikaona basi, sensa imekufa, niende Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, nikatafute ya mtumba.

Kabla sijaondoka nikampigia baba Tanga. Alitengeneza redio miaka mingi, na mita ya kwanza niliyoishika ilikuwa yake, ile ya mshale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Ethi umeipima?"

Nikamwambia nimeipima kwa mlio, ile mita inavyolia waya ukiwa haujakatika, na imelia. Akaniuliza, "Ilikuwa inapitisha umeme wa kazi, au imelala?" Nikanyamaza. Mita inalia hata waya ukiwa umebakiwa na uzi mmoja, au mguso wake ukiwa na kutu, kwa sababu mkondo inaoupitisha ni mdogo mno. Ethi inatakiwa kupimwa vitu vikiwa vimewashwa, na ionyeshe karibu sifuri.

Nikawasha kila kitu, nikapima kati ya waya wa ethi wa sensa na hasi ya betri. Volti 3.1.

Nilikaa kwenye kiti nikaitazama ile namba muda mrefu. Sensa inahesabu kuanzia kwenye ethi yake, na hiyo ilipaswa kuwa sifuri. Toa 3.1 kwenye 4.0, inabaki 0.9. Sensa ilikuwa inasema kweli siku zote: mchana, jua kali. Ni kama kumpima mtoto urefu akiwa amesimama juu ya kigoda. Na mimi nilikuwa njiani kwenda kuitupa.

Nikaufuata waya hadi chini upande wa abiria, nyuma ya plastiki ya pembeni mwa miguu. Zulia lilikuwa limeloa. Ile harufu ya uvundo niliyokuwa naifukuza na marashi tangu masika yaanze, na saa ya dashibodi iliyokuwa inafifia, vyote vilitoka hapa. Nikafungua hasi ya betri, kisha bolti ya namba 10 inayobana ethi kwenye bodi. Ilitoka imevaa unga wa kijani, na chini yake bati lilikuwa na duara la kutu lenye ukubwa wa sarafu. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye mfereji ulio chini ya wipa. Nilipouinua mfuniko wake nilichota viganja viwili vya majani ya mwarobaini, yameoza, yameshikamana kama uji.

Nikapiga msasa bodi na kichwa cha waya mpaka vikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Ethi ikasoma 0.02. Taarifa 0.9 juani, na nikiifunika sensa inapanda hadi 4.6. Nikazungusha swichi kwenye AUTO. Rilei ikalia tik, taa zikazima.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu hivi, nilikuwa ndani ya gari uani nikisubiri. Ukuta wa jirani ukawa mweupe ghafla.

Fundi nimemtumia picha ya ile bolti. Amejibu anauliza mita yangu niliinunua wapi. Zulia bado liko kwenye kamba, halijakauka.