Mwembe wa Kihonda

Desemba 2024 nilipanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Morogoro, nikitokea Hamburg baada ya miaka 13. Tulipokaribia Ngerengere nikasogea dirishani. Nilisoma pale darasa la sita na la saba, shule yangu ya nne. Nilizitafuta kota zetu kwa macho nisizione, treni ikawa imeshapita.

Baba alikuwa mwanajeshi wa JWTZ. Aliingia jeshini 1978, mwaka ambao majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, akastaafu 2009. Sisi wanawe tumekulia Monduli, Songea, Tabora, kisha hapo Ngerengere. Uhamisho ukitoka, tranka zinafungwa, magodoro yanakunjwa, na baada ya siku chache mtoto mwingine analala chumbani kwako. Simu hazikuwepo. Ukiagana na rafiki ndiyo mmeagana. Wenzangu mliokulia kambini mnanielewa.

Ughaibuni kila Mtanzania niliyekutana naye aliniuliza kwetu ni wapi. Nilijibu Newala, maana ndiko alikozikwa babu. Lakini Newala nimefika mara mbili tu, na Kimakonde changu kinaishia kwenye salamu.

Kwenye kota mama alipanda mchicha na mipapai, basi. Mpapai ukiutunza unazaa mapema, japo ile ya Songea tuliiacha na matunda mabichi, na iliniuma sana. Tabora miembe iko kila upande, nikaokota kokwa nikaifukia nyuma ya jiko letu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama akaifukua. Hakunigombeza, alisema tu kwa sauti ya chini, "Embe zake watakula wengine, mwanangu."

Baba alipotoka kwenda uraiani, walijenga Kihonda, hapa Morogoro. Mwaka 2011, asubuhi ya safari yangu, mama alinishika mkono akanipeleka uani kunionyesha mche wa embe dodo. Ulinifika magotini, umezungushiwa miiba mbuzi wasiutafune. Nilikuwa na haraka ya basi. Niliutazama nikasema, "Mzuri, mama," nikaondoka. Haraka ile naijutia mpaka leo.

Sasa matawi yake yamefunika paa la jiko. Shikamoo, marahaba, machozi, kisha mama akaniweka chini ya mti kabla hata begi halijaingia ndani. Baba bado anaamka saa kumi na moja alfajiri kana kwamba tarumbeta limelia. Anatandika kitanda, shuka linanyooka bila kunjo, halafu anatoka kufagia majani ya mwembe. Namsikia kutoka chumbani, ufagio wa chelewa taratibu kwenye mchanga, nami sitamani kuinuka.

Nimekula madodo matatu jana. Kokwa nimeziosha, nimezianika juu ya ukuta. Mama ameziona. Ameniuliza nataka kuzipanda wapi.