Mbaazi kavu, litmasi na maziwa ya mtoto

Juzi nimesaga mbaazi kavu kwenye blenda, zile zile tunazozipika kwa nazi tukala na mahamri asubuhi, ila safari hii jiko sikuwasha kabisa maana nilitaka kupima maziwa anayokunywa mwanangu.

Iko hivi, mbegu za mbaazi na soya zina kimeng'enya kinaitwa yurease, kazi yake kuvunja yurea, hiyo hiyo ya kwenye mbolea, inabaki amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia ni alikali kwa hiyo karatasi nyekundu ya litmasi inageuka bluu. Sasa kuna watu wanatia yurea kwenye maziwa waliyoyaongeza maji, kwa sababu kipimo cha protini kinachotumika sana kinahesabu naitrojeni tu na yurea ina naitrojeni 46%, yaani maji yanasomeka kama maziwa mazito, na anayekunywa ni mtoto! India wamesumbuka na hili mpaka mamlaka yao ya usalama wa chakula, FSSAI, ikawafundisha wananchi kupima nyumbani: maziwa kijiko kimoja cha chai, unga wa soya au mbaazi nusu kijiko, tikisa, subiri dakika 5, chovya litmasi. Na mbaazi zenyewe India wananunua hadi kwetu, Lindi na Mtwara.

Nikaweka glasi tatu. Ya kwanza maziwa ya muuzaji wetu, ya pili maziwa hayo hayo na punje chache za mbolea ya yurea, ya tatu kama ya pili lakini unga wake ni wa mbaazi nilizochemsha kwanza nikazikausha. Ya pili ikageuka bluu. Ya kwanza ikabaki nyekundu, nikashukuru Mungu kwa sauti. Na ya tatu nayo ikabaki nyekundu japo yurea imo! Moto umekiua kimeng'enya, kwa hiyo jamani unga wa soya iliyokaangwa, ule wa uji wa lishe, msiutumie, utawadanganya kwamba maziwa ni safi. Wenye viwanda vya chakula cha mifugo wao wanapima yurease kwenye soya makusudi, ikiwa bado ipo nyingi wanajua soya haijaiva vya kutosha na kuku hawataimeng'enya vizuri.

Aliyekitoa kimeng'enya hiki kikiwa safi ni James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mtu wa mkono mmoja, wa kushoto aliupoteza akiwa na miaka 17 kwa ajali ya kuwinda. Alianza 1917, akatumia unga wa maharage meupe ya Canavalia ensiformis, asetoni na baridi, akapata fuwele 1926 akasema ni protini, wakubwa wa kemia wakambishia kwamba kimeng'enya hakiwezi kuwa protini. Nobeli akaipata 1946. Miaka yote hiyo kwa ajili ya maharage, mimi inanigusa sana.

Angalizo, maziwa ya ng'ombe yana yurea kidogo ya asili, ukiyaacha saa nzima hata mazuri yanaweza kugeuza karatasi, kwa hiyo dakika 5 ni 5. Na melamini, ile kemikali ya viwandani iliyotiwa kwenye maziwa ya watoto China ikajulikana 2008, kipimo hiki hakiioni kabisa. Maziwa uliyopima mwaga, usinywe.

Kesho alfajiri naenda kwa jirani anayefuga, nikaone yakikamuliwa kwa macho yangu nipate ya kulinganishia.