Mbuni na korongo sebuleni

Jana usiku mimi na mdogo wangu wa kike tumecheza Joust kwenye kivinjari mpaka mama akatufukuza sebuleni. Ni gemu ya kampuni ya Williams ya mwaka 1982, enzi za mashine za kutumbukiza sarafu, na sasa huhitaji kupakua chochote.

Mmoja anapanda mbuni, mwingine korongo, kila mtu na mkuki wake. Kuna kushoto, kulia na kitufe cha kupiga mabawa, basi! Mkigongana, aliye juu ndiye mshindi. Mkilingana mnarushwa nyuma tu. Adui akiangushwa anageuka yai, usipoliwahi linaanguliwa. Ukiruka chini sana, mkono unachomoza kwenye lava unamdaka ndege wako miguu.

Utamu wenyewe ni kwamba mnaweza kuuana. Kuna raundi mnazopewa pointi za ziada msipoangushana, na kuna nyingine ambayo anayewahi kumwangusha mwenzake anachukua pointi 3000. Mdogo wangu anaitambua hiyo ya pili tu. "Kaka, samahani, sikukuona!" Huku kicheko hakimwishi.

Kilichotusumbua ni kibodi. Watu wawili mkibonyeza vitufe vingi kwa pamoja, vingine havisomwi, na mabawa huwa yanagoma ukiwa juu ya lava (kwa nini iwe hapo hapo?). Tukachomeka kibodi ya pili, mambo yakanyooka. Leo jioni tunarudiana, na bibie ameshatangaza kwamba mbuni ni wake.