Sahani ya visima sita

Wiki ile ya mafunzo ya maabara tulikabidhiwa seli za 3T3-L1, ukoo wa kiinitete cha panya ulioelezwa na Howard Green na Olaniyi Kehinde miaka ya 1970, tuzigeuze kuwa seli za mafuta kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo sita viitwavyo visima. Kwenye hadubini zilikuwa nyembamba, zenye ncha, bila tone la mafuta.

Tulizikuza kwa seramu ya ndama asilimia 10. Zilipojaza sakafu ya kila kisima, mwalimu akakataza kuzigusa siku mbili. Si ukaidi: lazima kwanza ziache kugawanyika, ndipo homoni ziziamshe zigawanyike tena kidogo, kisha zibadilike.

Siku ya kuzitia dawa seramu ikawa ya kijusi cha ng'ombe, pamoja na dawa tatu: kemikali ya IBMX milimola 0.5, deksamethasoni (homoni ya steroidi ya kutengenezwa) mikromola 1 na insulini mikrogramu 10 kwa mililita. Visima viwili vilipata zote tatu, vitatu vikakosa moja moja, cha sita hakikutiwa kitu. IBMX tuliiyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, maana kwenye maji hubaki chengachenga. Baada ya saa 48 dawa zikaondolewa, vikaendelea na insulini tu siku mbili, isipokuwa kile kilichonyimwa insulini na kile cha sita.

Siku ya tano matone yakaanza kumeta. Siku ya nane, rangi ya Oil Red O, inayoshika mafuta, ilifanya visima viwili vilivyopata dawa zote viwe vyekundu karibu vizima. Vilivyokosa IBMX au deksamethasoni vilikuwa na madoadoa tu. IBMX hupandisha cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, na kuwasha C/EBP-beta, deksamethasoni huwasha C/EBP-delta, na protini hizo mbili za kuwasha jeni huamsha nyingine, PPAR-gama, ambayo ndiyo bosi hasa wa kugeuza seli kuwa ya mafuta. Insulini ile nyingi ni ya makusudi: seli changa zina vipokezi vyake vichache, hivyo insulini hupitia kipokezi cha IGF-1, homoni ya ukuaji inayofanana nayo.

Kisima kimoja kilibanduka ukingoni kama ngozi ya maziwa, kwa sababu mwenzetu alimwaga chakula moja kwa moja juu ya seli. Seli zilizonenepa hushika sakafu kwa shida. Pipeti ielekezwe ukutani, taratibu.

Kikundi jirani hakikupata kitu, ingawa dawa zilikuwa zilezile. Chupa yao ya kukuzia seli iliachwa ijae kabisa mara kadhaa kabla ya kugawanywa, na kila ikijaa zinapungua seli zenye uwezo wa kubadilika. Mwalimu aliitupa, akayeyusha kichupa kingine cha seli zilizogandishwa kwenye naitrojeni, akaandika kwenye kifuniko: gawanya zikifunika asilimia 70 ya sakafu.