Ijumaa yetu: baba wawili, mama wawili na mashine mbili za masikio

Saa 11 alfajiri

Adhana inaniamsha mimi. Babu haimwamshi, wala jogoo wa jirani, wala kaka yake anayekohoa kitanda cha pili. Amerithi jina la marehemu baba yangu, ndiyo maana nyumba nzima tunamwita Babu, ingawa hajatimiza miaka mitatu. Masikio yake yote mawili yana upungufu mkubwa wa kusikia. Bila mashine husikia pikipiki ikipita karibu, au mlango ukibamizwa. Mazungumzo ya watu hayamfikii.

Kabla sijawasha jiko nafungua kopo lake. Mashine zimelala humo usiku kucha, vijimlango vya betri wazi, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Mtwara tunaishi na bahari, na Novemba hii joto limeshika. Jasho na hewa ya chumvi ni adui wa mashine hizi. Betri mpya ina kistika cha rangi ya chungwa. Ukishakibandua unasubiri kidogo kabla ya kuiingiza, kwa sababu inafanya kazi kwa hewa. Zilizokwisha nazihesabu na kuzifungia kabatini. Mtoto akimeza betri ya kitufe, inaweza kumuunguza njia ya chakula ndani ya saa chache, na mimi nina watoto wanaookota kila kitu.

Niwaeleze nyumba yetu, maana wageni huchanganyikiwa. Babu ni wangu wa ndoa ya kwanza. Baba yake ni fundi pikipiki, anaishi Mikindani na mke wake, na wana mtoto anayetambaa. Mume wangu wa sasa alikuja na wawili: binti wa darasa la sita na kijana wa darasa la pili. Mama yao alifariki. Mimi wananiita mama mdogo. Babu hukaa kwangu siku za wiki, na Ijumaa jioni huenda kwa baba yake hadi Jumapili.

Saa 12 na nusu asubuhi

Mume wangu anaingia kutoka bandarini. Msimu wa korosho ukianza, zamu za usiku hazikosi, naye hubeba magunia mpaka kunakucha. Nikimwambia akalale anakataa. Kwanza sauti sita.

Babu anakaa mkekani, ameshavaa mashine, mbele yake bakuli na vifungo vikubwa vya koti. Baba yake huyu anasimama nyuma yake asionekane mdomo, anatamka moja moja, bila kufuata mpangilio: aa, uu, ii, mm, sh, ss. Kila anaposikia, Babu anatupia kifungo bakulini. Kipimo hiki alikibuni mtaalamu aliyeitwa Daniel Ling, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji chombo chochote. Sauti hizo sita zinagusa ngazi zote za usemi, kuanzia nzito hadi nyembamba. Jana alitupia kifungo kwa "mm" na leo amenyamaza? Basi mashine ina shida, au sikio limejaa nta, au mafua yanakuja. "Ss" bado inampita. "Sh" anaipata ukimsogelea.

Leo sikio la kushoto limepiga mluzi. Ile moldi, kipande laini kinachokaa ndani ya sikio, imeanza kulegea. Masikio ya mtoto mdogo yanakua haraka, kwa hiyo moldi hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi michache, na sisi zetu tulichukuliwa vipimo Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi. Nimeandika kwenye daftari: kuongea na baba yake jioni kuhusu nauli.

Saa 2 asubuhi

Kibarazani kwetu, karibu na soko. Tuko mafundi cherehani wanne, na huu ndio msimu wetu pia. Korosho zikilipwa, watu wanaoana. Leo nina gauni la bibi harusi na sare za mashangazi wake, vitenge vya rangi moja mpaka mlangoni.

Babu nakaa naye hapa, ila mbali na vyerehani. Mashine za masikio zinakuza kila kitu, haziwezi kujua kwamba mama ni muhimu kuliko cherehani. Ndani ya hatua moja anakupata. Ukiwa mbali, au kelele zikizidi, anapata vumbi la maneno tu. Nikitaka kumwambia jambo nainuka, namfuata, nainama tuonane uso kwa uso. Siku ya kazi nyingi hilo linakula muda. Nainuka hivyo hivyo.

Mwalimu wake halisi yuko cherehani cha pili. Mwenzangu huyu ni kiziwi tangu utotoni, alisoma Buguruni, ile shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1974 kule Dar es Salaam. Siku ya kwanza kumwona Babu na mashine hakuniuliza chochote. Alimpa kipande cha kitambaa, akamfanyia alama ya rangi yake, akangoja. Kuna ndugu walioniambia nisimfundishe alama kwa sababu atakuwa mvivu wa kuongea. Mimi naona kinyume chake kila siku. Neno analolijua kwa mikono huja na sauti baadaye, kama "maji" na "njoo". Na betri ikikata katikati ya safari, mikono bado ipo.

Huyu mwenzangu ndiye aliyetutatulia jambo ambalo wakubwa lilitushinda. Babu alikuwa na alama moja tu ya baba. Aliitumia kwa mume wangu, akaitumia kwa baba yake mzazi, na siku moja mbele ya baba yake akaitumia kuulizia mume wangu. Mwenye mtoto aliumia, nilimwona usoni. Tulikaa wiki nzima tukijibizana kwa ujumbe mfupi. Nilipomsimulia fundi mwenzangu alishangaa kwamba hatuna majina. Kwa viziwi kila mtu hupewa jina lake la alama, na anayelitoa ni kiziwi, kutokana na alichokiona kwako. Akatupa sote. Baba wa Mikindani ni mkono unaogusa ukingo wa kofia, kwa sababu havui kofia. Mume wangu ni kidole juu ya nyusi, penye kovu. Mimi ni futi inayoning'inia shingoni. Mke wa baba yake ni kidole shavuni, kwenye kishimo chake. Binti yetu ni mwanya wa meno. Sasa Babu ana baba wawili wasiogongana.

Saa 4 na nusu

Shangazi mmoja wa bibi harusi amekuja kujaribu sare. Ameona mashine, ameuliza kwa sauti ya chini: "Hili limetoka kwenu au kwa mwanaume?"

Nalijua swali hili. Ndilo lililopita katikati yangu na baba yake Babu wakati ule, ukoo huu ukiunyooshea kidole ule. Nimemjibu nikiwa na pini mkononi, taratibu, kwa sababu alistahili jibu. Watoto wengi sana wanaozaliwa viziwi, zaidi ya tisa katika kila kumi, wana wazazi wanaosikia. Usikivu huharibika kwa sababu nyingi: rubella ya mama mjamzito, manjano kali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, dawa kama gentamisini. Hata ikiwa ni ya kurithi, mara nyingi mtoto huipata kutoka pande zote mbili, kwa wazazi waliobeba kitu hicho bila kukijua wala kuumwa. Kwa Babu madaktari hawakuweza kutaja sababu moja. Basi hakuna wa kumdai.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema mjukuu wake wa Nanyamba ana mwaka na nusu na haitiki akiitwa. Nikaweka pini chini. Nilimwambia asingoje, na asikubali kuambiwa kwamba wavulana huchelewa kusema. Inavyotakiwa, mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lijulikane kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Babu alivaa mashine akiwa na mwaka na miezi minane. Nilimweleza pia kipimo kilivyo, asiogope: mtoto analala, anabandikwa waya ndogo kichwani, mashine inasoma jinsi ubongo unavyoitikia sauti. Hakiumi. Na kama mashine za kawaida hazitamtosha, upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio hufanyika hapa hapa nchini, Muhimbili, tangu mwaka 2017. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi. Nikamwandikia nyuma ya risiti.

Saa 8 mchana

Mume wangu ametoka Ijumaa msikitini na kupita na Babu nyumbani kulala. Kijana wa darasa la pili amefika kibarazani na begi lake. Saa hii ni yake.

Ilianza mwezi wa Ramadhani, baada ya yeye kuficha mashine moja ndani ya mtungi wa mchele. Tulipoipata hakulia, alisema tu, "Mama mdogo unamwangalia yeye peke yake." Alikuwa anasema kweli iliyo wazi. Babu usipomwangalia huongei naye, kwa hiyo macho yangu yanakwenda kwake kutwa. Huyu anasikia, basi namjibu nikiwa nimempa mgongo. Mtoto aliyezika mama yake, ukimjibu kwa mgongo, anajua anachokijua.

Kwa hiyo saa nane mpaka saa tisa cherehani kinasimama. Leo amekuja na hesabu za kutoa na embe bichi. Tumekula embe kwa chumvi na pilipili, hesabu tumemaliza nne, akanisimulia ugomvi wa mpira toka mwanzo hadi mwisho nikiwa namtazama. Bibi harusi atasubiri.

Saa 10 na nusu alasiri

Bajaji mpaka Mikindani, kilomita kama kumi, bahari ikiwa kulia kwetu. Begi la Babu lina nguo kidogo na vitu vingi: kopo, betri, kitambaa cha kufutia moldi, daftari. Daftari linakwenda na kurudi. Kila nyumba inaandika alivaa mashine saa ngapi hadi saa ngapi, alisikia nini, alama gani mpya. Tulikubaliana jambo moja gumu, kwamba anavaa muda wote akiwa macho, kasoro kuoga na kucheza majini. Akikaa siku mbili bila kuvaa kwa sababu ni wikendi, Jumatatu anazikataa, na kila siku asiyosikia ni siku ya lugha isiyorudi.

Mke wa baba yake ametupokea na mtoto mgongoni. "Karibu dada. Nimehamisha kabati la betri juu, huyu ameanza kusimama." Mwanamke huyu mwaka jana tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu. Sasa ndiye ninayezungumza naye zaidi ya ndugu zangu. Baba Babu amekagua moldi inayopiga mluzi, akafungua droo ya vifaa vyake, akatoa nusu ya nauli ya Dar bila mimi kumaliza sentensi. Nusu nyingine itatoka kwa mume wangu, walishaongea wenyewe kwa simu.

Saa 3 usiku

Nilikuwa napiga pasi upindo wa gauni simu ya video ikaita, mama wa Mikindani. Mikindani umeme umekatika. Babu ameshavuliwa mashine, giza limemshika ghafla, analia na kuonyesha mlango. Bila mwanga hana uso wa kusoma wala mkono wa kuuona. Giza linamnyima vyote kwa mpigo.

"Washa tochi, dada," nikamwambia, "lakini ielekeze kwako, isiwe machoni pake." Akafanya hivyo, akaniuliza atamwambiaje kwamba mama anakuja Jumapili. Nikaanza kuhangaika na alama ya Jumapili. Binti yetu akanichukulia simu mkononi.

"Mama mdogo, Jumapili yeye haijui bado. Mwambie kulala." Akaweka shavu juu ya kiganja, mara moja, akafungua macho, mara ya pili, akafungua macho, kisha akashusha futi ya kufikirika shingoni mwake. Upande wa pili mama wa Mikindani akarudia chini ya tochi. Akakosea mpangilio, binti akamrekebisha, akarudia tena.

Baada ya robo saa ujumbe ukaingia: amelala, mashine ziko kwenye kopo, betri zimetoka, zimehesabiwa. Nikarudi kwenye upindo. Gauni linachukuliwa kesho saa mbili.