Kidari cha kuku cha chenga za mkate, gamba likauke hata kwa unyevu wa Tanga

Tanga ni mji wa bahari, na unyevu wake unaujua ukiwa jikoni. Chumvi inashikana kwenye kichupa, biskuti zikilala wazi asubuhi zimelegea, na chochote cha kukaanga kinataka kiliwe mapema. Kwa hiyo nilipotaka kupika vidari vya kuku vilivyovikwa chenga za mkate, vile vyembamba vyenye gamba la rangi ya dhahabu, viungo havikunipa shida. Iliki, mdalasini na pilipili manga vinashuka kutoka milima ya Amani, Muheza, vinatufikia vikiwa na harufu yake yote. Nilichokikalia chini nikakifikiria ni maji: yanaingilia wapi, na nitayatoa vipi.

Kuku nanunua soko la Mgandini. Kuku wa kienyeji namheshimu sana kwenye mchuzi wa nazi, ila kwa pishi hili kidari chake ni chembamba na nyama yake inataka moto wa muda mrefu. Anayefaa ni kuku wa kisasa. Kijana anayeniuzia mkono wake mwepesi, usipomuwahi kuku ameshakuwa vipande.

"Dada, nikukatie vya mchuzi?"

"Hapana mdogo wangu, nitolee vidari vizima. Ngozi na mfupa toa."

Nusu kilo ya kidari kitupu inatosha watu wanne. Nyumbani nakipasua kwa ubavu bila kukitenganisha, nakifungua kama kitabu, kisha nakifunika kwa plastiki safi ya pakiti ya sukari iliyooshwa na kukaushwa, na kukigonga kwa kifimbo cha chapati. Nagonga taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka unene ufike sentimita 1 hivi kila mahali. Kidari kama kilivyo kina upande mnene na upande mwembamba. Ukisubiri mnene uive, mwembamba umeshakakamaa.

Hapa ndipo mila za pwani zinapoingia. Sisi kuku tunamwosha, tunamkamulia ndimu, tunampaka thomu na tangawizi mbichi, tunamwacha alale. Shangazi yangu aliponiona naruka hatua hizo alisimama mlangoni pa jiko.

"Kuku bila ndimu, mwanangu? Shombo utaipeleka wapi?"

"Ndimu ipo shangazi, lakini itakuja mezani."

Sikumjibu hivyo kwa ubishi. Ndimu ikikaa muda mrefu kwenye kidari chembamba inaifanya nyama ya juu ianze kubadilika na kutoa maji, na thomu mbichi iliyosagwa nayo inakuja na maji yake. Unga ukikutana na maji hayo unakuwa uji, na uji haushiki gamba. Hata kumwosha kuku mbichi chini ya bomba wataalamu wa usalama wa chakula hawakushauri, kwa sababu maji yanarusha vijidudu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani. Joto la kupikia ndilo linaloviua. Mimi nanyunyiza chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga, na thomu ya unga badala ya mbichi. Naweka vidari kwenye friji bila kufunika kwa nusu saa. Chumvi inavuta maji juu, nami nayafuta kwa kitambaa safi, upande huu na upande ule, nabonyeza mpaka nyama inashika kidole badala ya kuteleza.

Chenga natengeneza mwenyewe. Boflo la jana linafaa kuliko la leo. Natoa ganda, nachambua kiini kwa vidole kuwa vipande vidogo visivyolingana, kisha nakausha kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, huku nageuza. Nachungulia rangi, lakini zaidi nasikiliza: chenga zilizokauka zinalia zikigusa kikaango, mbichi zinaanguka kimya. Usizisage zikawa vumbi. Wajapani wana chenga zao maarufu, panko, za mkate usio na ganda, na zimeachwa kubwa kwa makusudi, maana zikiwa kubwa zinaacha nafasi ya mvuke kutoka na mdomoni zinavunjika vizuri. Ukiweka akiba kwenye kopo, siku ya kupika zipitishe tena kwenye kikaango. Hewa yetu inaingia hata ulipodhani umefunga.

Sahani tatu. Ya kwanza unga wa ngano nusu kikombe uliochanganywa na vijiko 2 vya wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kupikia kastadi, siyo sembe. Ya pili mayai 2 yaliyopigwa na chumvi kidogo. Ya tatu chenga vikombe 2. Unga unanyonya unyevu uliobaki na kulipa yai mahali pa kushika. Yai likipata moto linaganda na kuwa gundi. Mkono mmoja uwe wa vikavu, mwingine wa yai, usije ukavika vidole badala ya kuku. Unga ukung'utwe ubaki utando tu. Kwenye chenga bonyeza kwa kiganja kwa nguvu, hasa pembeni, ambako gamba hupenda kuanza kubanduka.

Kisha acha. Dakika 15 hadi 20 kwenye sinia, vipande visipandane. Hatua hii wengi wanairuka kwa njaa, nami naishikilia kuliko nyingine zote: yai linapata muda wa kuingia kwenye chenga, na vyote vinashikana kabla ya kukutana na mafuta.

Mafuta yafike nusu ya unene wa kipande au zaidi, joto la nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha chenga moja: ikizama ikakaa, bado, ikiungua papo hapo, punguza moto, ikipanda na mapovu madogo ya haraka, weka kuku. Vipande viwili kwa mara moja vinatosha, kwa sababu ukijaza kikaango joto linashuka na chenga zinakunywa mafuta. Kelele unazosikia ni maji yanayotoka. Mwanzo zinakuwa kubwa, kisha zinapungua, na hapo ndipo nageuza. Dakika 3 hivi kila upande. Katikati ya nyama pafike nyuzi 74, au ukikata pasiwe na waridi na maji yake yawe meupe.

Ukiepua usilaze juu ya karatasi, wala usitie kwenye hotipoti. Mvuke unakosa njia na kurudi kwenye gamba. Mimi natumia wavu wa kuchomea mishkaki, nauweka juu ya sinia, hewa ipite chini na juu. Shangazi alikula cha kwanza akiwa amesimama palepale wavuni, akakamulia ndimu yake mwenyewe, akaomba cha pili na chatini ya embe.

Kwa futari navika mapema. Vipande vibichi vilivyokwisha kuvikwa navipanga kwenye friza, karatasi katikati ya kila tabaka. Siku ya kukaanga siviyeyushi, kwa kuwa barafu ikiyeyuka chenga zinalowa kabla hazijafika kwenye mafuta. Vinaingia vikiwa vigumu hivyohivyo, moto umepunguzwa kidogo, na navipa dakika mbili tatu za ziada kila upande ili ndani paive sawasawa.