Siku moja maishani mwangu: kunywesha mbegu za polima Mbeya

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Julai Uyole inauma vidole, nami nawaza mbegu zangu tu.

Saa 2. Getini namwamkia mlinzi, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, leo umewahi." Mbegu zenyewe ni vijipira vya polistairini (polima, yaani plastiki) vya upana wa maikromita 1, sehemu moja ya elfu ya milimita, vimetawanyika majini hadi maji yamekuwa kama maziwa. Tangu jana zinanywa dibutaili fthaleti, mafuta yanayozipa uwezo wa kunywa mengi zaidi. Natazama tone moja kwenye hadubini: hakuna kidoa cha mafuta kilichobaki nje. Zimemaliza!

Saa 3. Nachanganya stairini na divinilibenzini zitakazogeuka polima, tolueni, na peroksaidi ya benzoili ya kuanzisha mmenyuko, napiga kwenye maji ya sabuni mpaka matone yawe madogo sana, kisha nazimiminia mbegu. Chumba kina baridi, kwa hiyo chupa inakaa kwenye maji ya nyuzi 30. Hapa ndipo ninapoipendea kazi hii. Mbegu zilizoanza sawa hunywa sawa, kama maharage ya gunia moja uliyoloweka usiku. Ila hizi zinatoka maikromita 1 hadi 5: upana mara 5, ujazo mara 125. Kunywesha kwa hatua mbili namna hii kulibuniwa na mwanakemia John Ugelstad huko Trondheim, Norwei, miaka ya 1970.

Saa 7. Ndizi na maharage. Mwanafunzi wangu anauliza, "Dada, tolueni ya nini kama haigeuki polima?" Namwambia ndiyo inayoshika nafasi ya matundu. Polima ikikua na kufungamana hujitenga nayo. Tukiiosha, ilipokuwepo panabaki wazi. Chembe hizo hushindiliwa kwenye bomba la kuchambulia dawa, na zikilingana kimiminika hupita sawasawa kote.

Saa 9. Naongeza polivinili alkoholi zisigandane, napitisha nitrojeni kufukuza oksijeni inayozuia mmenyuko, napandisha joto hadi nyuzi 70. Itakaa saa 24, ikikorogwa taratibu. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, mashine ya kukoroga ikasimama; asubuhi nikakuta bonge limeganda kama kiporo cha ugali. Nililia. Sasa tuna betri ya akiba.

Saa 12 jioni namwachia mwanafunzi zamu.

Saa 5 usiku ananitumia picha ya hadubini. Naikuza, nahesabu chembe 40, zote saizi moja. Namjibu: "Asante sana mdogo wangu. Kasi ya mashine usiiguse."